Muulize Maboksi Kayaweka Wapi

Mtu akikuambia kwamba kujichapishia kitabu ni uhuru, usibishane naye. Muulize tu maboksi kayaweka wapi. Akianza kukohoa, ujue huyo ni mwenzetu.

Ya kwangu yako chini ya kitanda, nyuma ya kochi, na mengine juu ya kabati, pale ambapo mama watoto alikuwa anaweka masufuria ya shughuli. Nakala 500 za riwaya, asikudanganye mtu, ni mzigo. Siku kirikuu ilipozishusha mlangoni, dereva alifuta jasho akaniuliza, "Bosi, hizi marumaru unaweka vyumba vyote?" Nikamwambia ni vitabu. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuipata hata msibani.

Riwaya yenyewe inaitwa Jeneza la Mkopo. Ni ya upelelezi. Seremala wa Tandika anakutwa amekufa ndani ya jeneza alilolichonga mwenyewe kwa mbao za kukopa, na wadai wake wote wanafika mazikoni kabla msiba haujatangazwa. Nimekueleza kwa urefu kwa sababu najua hutainunua.

Nilianza kistaarabu, kwa mchapishaji. Sitamtaja. Mswada wangu ulikaa kwake mpaka nikaanza kuona aibu kuuulizia. Alipojibu, alijibu kwa adabu zote: riwaya ni nzuri, lugha imekaa vizuri, ila soko la riwaya kwa sasa halipo, na je, sina kitabu cha Hisabati cha darasa la tatu? Niliirudia barua ile nikitafuta utani. Haukuwamo.

Hasira ziliponiisha nikaona ana hoja. Ingia duka la vitabu lolote hapa mjini. Utakutana na madaftari, rula, mapitio ya mitihani, Biblia, misahafu, kisha rafu nzima ya siri za mafanikio zilizoandikwa na watu wanaopanda daladala moja na mimi. Riwaya inayotembea ni ile iliyo kwenye orodha ya shule. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kila aliyepita kidato cha nne anazijua, awe alizisoma zenyewe au alisoma muhtasari wake usiku wa kuamkia mtihani. Vitabu hivyo vina mtaala nyuma yake. Mimi nyuma yangu nina mama watoto, naye anaulizia masufuria yake.

Basi nikaenda semina ya waandishi chipukizi. Nina mvi, lakini kwa lugha ya semina mtu ambaye hajauza bado anachipukia. Mtoa mada alikuwa kijana mwenye suti ya bluu na kipaza sauti cha kubana kolani, akatuambia wachapishaji ni madalali tu, zama zao zimekwisha. Akatupa mifano. Beatrix Potter wa Uingereza alikataliwa na wachapishaji, mwaka 1901 akachapa mwenyewe nakala 250 za hadithi ya sungura wake Peter, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikaichukua. Marcel Proust wa Ufaransa alikataliwa vilevile, mwaka 1913 akalipa mfukoni mwake kitabu chake kitoke. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilinyoosha mkono kuuliza jambo moja dogo, nikapitwa. Nilitaka kujua kodi ya nyumba walikuwa wanalipiwa na nani. Maana Potter alikuwa akiishi kwa wazazi wake, London, na wazazi wenyewe matajiri. Proust alikuwa na urithi wa wazazi wake. Mtu wa namna hiyo akijichapishia, anacheza. Mimi nilikuwa nimeshika ada ya watoto ya muhula wa pili.

Wala yule mtoa mada hakumtaja Ben Mtobwa, ambaye angetufaa kuliko sungura. Mtobwa alituletea mpelelezi Joram Kiango, halafu akaanzisha Heko, kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, hapahapa Dar es Salaam, na watu wakasoma mpaka kava zikanyofoka. Bwenini kwetu nakala moja ya Mtobwa ilipita mikononi mwa kidato kizima, ikarudi kwa mwenyewe haina kurasa za mwanzo wala za mwisho, na bado ikagombewa. Wakati ule niliona raha tupu. Sasa hivi, nikiwa nimekalia maboksi, naipigia hesabu: wasomaji kidato kizima, nakala iliyolipiwa moja.

Mchapaji nilimpata upande wa Kariakoo, kwenye uchochoro unaonuka wino na chipsi. Uchapaji una hesabu zake. Kurasa hazichapwi mojamoja. Karatasi kubwa moja hubeba kurasa 16, nane mbele na nane nyuma, ndipo ikunjwe, ipangwe na wenzake, ipigwe gundi ya moto na kukatwa kingo. Kwa hiyo kitabu chenye adabu huwa na kurasa zinazogawanyika kwa 16. Cha kwangu kilikuwa na 148.

"Mzee, hapa umezidisha nne," fundi akaniambia, akipiga hesabu nyuma ya kadi ya harusi ya mtu. "Toa nne tukae 144, au ongeza kumi na mbili twende 160."

Nikamwambia riwaya ya upelelezi haitolewi kurasa hivihivi, kila kidokezo kina kazi yake. Hakunijibu. Aliuchukua mswada, akaufungua katikati, akasoma akiwa amesimama, mashine nyuma yake inaunguruma, kijana mmoja anamwita amalizie risiti za mtu. Akafunua, akasoma tena. Kisha akauliza:

"Huyu shangazi wa marehemu ana kazi gani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Anaongea sana."

Mhariri niliyemlipa hakuwa amesema hivyo. Shangazi alipunguzwa maneno, tukakaa 144, na yule fundi ndiye mhakiki wa kwanza aliyeisoma kazi yangu na kusema kitu cha maana.

Tatizo lake likawa moja: kukubaliana naye si kuchapiwa. Nilipeleka kazi Novemba, na Novemba kwa wachapaji ni mwezi wa kalenda. Mbele yangu kulikuwa na kalenda za saccos, kalenda za parokia, kalenda za duka la vipuri zenye picha ya mwenye duka, na kadi za send-off za mabinti wote wa Kinondoni. Kila nikipiga simu kuna hatua imepigwa na nyingine imekwama. Pleti zimetoka, bado kava. Kava imetoka, bado laminesheni. Laminesheni tayari, umeme hakuna. Umeme umerudi, aliyeshika gundi kaenda kuzika Morogoro. Na kila nikienda, fundi ananivuta pembeni kunishawishi niongeze nakala, kwa sababu pleti ni zilezile uchape mia au uchape elfu tano, kwa hiyo ukichapa nyingi kila nakala inakuja na bei ya chini. Hesabu hiyo ni ya kweli kabisa na ndiyo iliyojaza vitanda vya waandishi wengi. Iliyoniokoa ni kwamba hela ziliisha kabla ya tamaa.

Kava ni kesi nyingine. Kijana wa grafiki nilimpa maelezo ya maandishi: seremala, Tandika, usiku, jeneza, bajaji. Aliniletea Mzungu mwenye koti refu amesimama kwenye theluji. Nikamuuliza Tandika gani hiyo yenye theluji, akasema hiyo ndiyo inaleta hisia za upelelezi. Tukarudi mezani. Safari ya pili akatumia akili mnemba, ikatupa jeneza zuri sana, bajaji yenye milango minne, na jina la kitabu limeandikwa JENZEA LA MKPOO. Akaniambia herufi tutazirekebisha, bajaji tuiache, imependeza. Ukitazama kava kwa makini utaiona.

Namba ya ISBN ndiyo pekee haikunipa presha. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na ukishaipata zile tarakimu zake 13 zinaanza na 978, kisha 9976, 9987 au 9912, yaani kitabu kimezaliwa Tanzania. Nilimwonyesha shemeji yangu kwa fahari. Akauliza ni uniti ngapi.

Halafu watu wakasema lazima kizinduliwe. Mimi nilikuwa naona kitabu kikishatoka, kimetoka. Lakini hapa kwetu kitu hakijatokea mpaka kiwe na mwenyekiti wa kamati. Basi ikaundwa kamati, ikapata mwenyekiti, katibu, mweka hazina na MC, ikakodi ukumbi, spika mbili na viti vyenye nguo. Ikaagiza keki yenye umbo la kitabu kilichofunguliwa, na juu yake mwokaji akaandika aya yangu ya kwanza kwa krimu, bila kukosea hata nukta. Yule mwokaji nilitamani awe ndiye aliyepanga kurasa.

Mgeni rasmi, mheshimiwa fulani, alitegemewa saa kumi akaingia saa kumi na mbili, na kipaza sauti kikampokea. Alisema majukumu ya kitaifa yamemnyima nafasi ya kukisoma, lakini kwa jinsi anavyokiona (hapo akakipimapima mkononi) ni kitabu kizito. Akasema vijana wasome. Akasema mitaro ya kata yetu iko kwenye bajeti. Kisha ukaja mnada wa nakala ya kwanza, na hapo ndipo MC alipohalalisha ujira wake. Laki moja! Laki mbili! Meza ya nyuma, mnatuangusha! Jamaa mmoja mwenye miwani akasimama akasema milioni, ukumbi ukalipuka, vigelegele, mama mmoja akamvisha kitenge. Nilishika kiti nisianguke. Katibu akapita na daftari kuandika: milioni, ahadi. Laki tano, ahadi. Laki mbili, ahadi, mwisho wa mwezi. Mimi nimeandika hadithi za kubuni tangu niko sekondari, lakini lile daftari la katibu limenizidi.

Keki, kwa taarifa yako, iliisha yote. Ndiyo chapisho langu pekee lililomalizika siku ya kwanza.

Kuanzia hapo nikawa mchuuzi. Nilipeleka nakala kwenye maduka, wakanipokea vizuri kwa sharti la mali kauli: wewe unaacha mzigo, wao wanakata asilimia zao 35, na hela unaifuata kikiuzwa. Sina ugomvi na mali kauli, ndiyo biashara ya nusu ya mji huu. Ugomvi wangu ni kwamba ukirudi kuulizia, muuzaji aliyekupokea kahama, aliyepo hakujui, na kitabu chako kimepangwa kwenye ushauri wa fedha kwa sababu ya neno "mkopo". Mwenye duka mmoja alinishauri nikiite kitabu cha ujasiriamali. Alisema jeneza lenyewe ni mradi, kuna watu wangejifunza.

Haya, ndugu na jamaa. Hapa naomba nipumue kidogo.

Nina nyumbani droo imejaa kadi za michango. Single elfu hamsini, double laki moja, na nyuma yake namba ya kutumia na jina litakalotokea. Nimechangia harusi, send-off, kitchen party ambazo mimi mwanamume sikuingia hata mlangoni, ubarikio, na ndoa moja iliyovunjika kabla sijamaliza kuichangia. Sijawahi kumuuliza bwana harusi kama kuna nakala ya bure. Lakini siku nilipotangaza kitabu, watu haohao walinijia kwa sauti moja: "Hongera sana kaka! Changu kiko wapi?" Waliostaarabika zaidi walisema nisijisumbue kuchapa, niwatumie tu softi kopi. Baba mdogo aliagiza vitano, cha kwake na vinne vya wazee wenzake wa kanisa, akaniagiza niweke na saini. Kitabu ni shilingi elfu kumi. Chipsi kuku na soda ni elfu kumi. Sijaona mtu anamwambia muuza chipsi hongera, changu kiko wapi.

Nikajaribu kuwatega kwa mbinu yao. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaliita "Kamati ya Kitabu", nikaweka kadi yenye maua, single nakala moja, double nakala mbili. Shangazi akauliza bibi harusi ni nani. Walipogundua hakuna pilau, simu yangu ilianza kutoa taarifa za wanaoondoka kundini, nami nikawasindikiza kwa macho mmoja baada ya mwingine.

Softi kopi waliipata hata hivyo. Asubuhi moja mtu ambaye namba yake sinayo alinitumia PDF ya Jeneza la Mkopo pamoja na ujumbe: "Kaka najua unapenda kusoma, kuna kitabu hiki kizuri, kwa hisani ya admin." Kwa hisani ya admin! Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na admin ana hisani. Nilitaka kumjibu vikali, ila tangu kitoke alikuwa ndiye mtu wa kwanza kusema kitabu ni kizuri.

Mpwa wangu anasema nimeng'ang'ania karatasi, niende Amazon, dunia nzima itanisoma. Nilimsikiliza. Kwa kitabu cha kielektroniki unapata asilimia 70 kama bei iko kati ya dola 2.99 na 9.99 na mnunuzi yuko kwenye nchi zilizoorodheshwa. Nje ya hapo ni 35. Ukiishi Tanzania, fungu linalotoka kwa wanunuzi wa Marekani linakatwa kwanza kodi ya asilimia 30 kule kule. Na msomaji ninayemtaka mimi ni dereva wa bajaji wa Mbagala, ambaye analipa kwa simu na hajawahi kumiliki kadi ya benki. Nikamwambia mpwa wangu dunia nzima isubiri.

Lakini kinachoninyima usingizi si Amazon. Ni binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, anayesuka nywele kibarazani mchana, na usiku anaandika simulizi kwa simu, kwa kidole gumba. Hana ISBN wala mchapaji, na mheshimiwa wa kumsemea kuhusu mitaro hana. Kazi zake huanza bure kwenye kundi lake la WhatsApp, sehemu ya kwanza hadi ya kumi. Sehemu ya kumi humwacha mke wa mtu kitandani, ufunguo unazunguka mlangoni, na chini yake: "Kupata sehemu ya 11 hadi 40 lipia elfu mbili tu, lipa namba hii hapa." Na wanalipa! Wanalipa usiku wa manane. Mama watoto analipa. Niliona ujumbe wa muamala nikadhani ana mambo yake. PDF yake ya mwisho huandikwa namba ya mnunuzi kila ukurasa, ili ikivuja ajue nani wa kumfungia milango. Admin na hisani yake hapo hana pa kuingilia.

Nilipita kibarazani kwake, kwa kisingizio cha kusalimia, nikampa nakala ya Jeneza la Mkopo na kumwomba maoni. Aliisoma. Naapa aliisoma, maana alinitajia hata shangazi. Kisha akaniambia, mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja:

"Anko, kitabu kizuri. Tatizo lako unaandika kinaisha."

"Sasa si lazima kiishe?"

"Kiishe ndiyo, lakini wewe unamuuzia mtu mwanzo na mwisho siku moja. Atakutafuta tena kwa lipi?"

Mteja chini ya rasta akaitikia kwamba ni kweli. Nikaondoka na hasira, nikafika nyumbani, nikahesabu sura zangu. Ziko ishirini na mbili, na karibu kila moja inaishia mlango ukigongwa. Mlango ukigongwa! Ningekuwa na nyumba.

Nikiwa kwenye hesabu hizo, simu ikaita. Baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Aisee, kile kitabu chako! Wazee hapa kanisani wamenogewa hatari. Cha kwangu nimemwazima katibu wa kwaya, naye kamwazima mchungaji, sasa mimi nimebaki nje, kila wakikutana wanabishana muuaji ni nani, siwezi hata kuchangia. Hebu niambie tu, ni nani? Ni yule muuza mbao?"

"Elfu kumi, baba mdogo."

"Unasema?"

"Elfu kumi. Nakutumia namba, jina litatokea langu."

"Halo? Halo? Mwanangu, unakatika sana. Mtandao wa huku mbaya. Halo?"